Rangi ya Maziwa au Rangi ya Mchanga?

Wazazi wanaoandaa chumba cha watoto mara nyingi hutaka rangi tulivu isiyochosha macho. Dukani huonyeshwa makopo mawili: rangi ya maziwa na rangi ya mchanga. Ipi ichaguliwe? Tuitazame kwa upande wa afya.

Kwanza ni mwanga. Rangi ya maziwa hurudisha mwanga mwingi chumbani. Ya mchanga humeza zaidi. Chumba chenye dirisha dogo, ambamo mtoto husomea, chafaa kupakwa ya maziwa. Chumba kinachopigwa na jua la alasiri chaweza kupakwa ya mchanga, kwani hupunguza mng'ao. Kabla ya kununua makopo yote, paka sehemu ndogo ya kila rangi kwenye kuta mbili. Zikikauka, zitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka.

Pili ni usafi. Rangi ya mchanga huficha alama za mikono, lakini uchafu uliofichika haujaondoka. Juu ya rangi ya maziwa, ukungu wa unyevu huonekana mapema, nanyi mkaweza kuziba panapovuja.

Tatu, na kubwa kuliko yote, ni madini ya risasi. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano na nyekundu kali, zimekutwa na risasi nyingi. Rangi ikibanduka, mtoto hula vumbi lake kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaponi. Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978. Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni. Basi muulize muuza duka, na usome kopo lenyewe.

Kama ukuta una rangi ya zamani, usiukwangue mkavu wala kuuchoma moto. Ulowanishe kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, kisha futa sakafu kwa kitambaa kibichi. Madirisha yaachwe wazi mpaka harufu iishe ndipo watoto walale humo.

Ushauri wetu ni huu: chagueni kwanza rangi isiyo na risasi. Baada ya hapo, dirisha lenu litawaambia kama ni ya maziwa au ya mchanga.