Acha Kumkalisha Shosho

Labda kwenu kuna mtu kama shosho wangu. Akitoka kuoga anakaa kwanza kitandani ahemehe, ndipo avae. Akipanda ngazi za ploti anashika ukuta kila baada ya hatua tano. Nawe, kwa mapenzi, unamwambia: "Shosho, kaa tu, nitafanya." Unamfulia, unamletea chai, hata remoti unamwekea mkononi.

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Niliacha chuo, kwa hivyo mchana tunashinda wawili kwa nyumba. Nilijiona mjukuu namba moja. Kumbe nilikuwa namharibia miguu.

Shosho ana ugonjwa sugu wa mapafu unaoitwa COPD. Njia za hewa zimekuwa nyembamba, hewa inakwama ndani, na ile mpya inakosa nafasi. Usidhani ni ugonjwa wa wavuta sigara pekee. Shosho hajawahi kushika fegi. Alipika kwa kuni na makaa tangu akiwa msichana. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka wa 2021.

Kliniki walimtembeza kwenye korido kwa dakika sita, wakahesabu mita alizofika. Kisha daktari akauliza kama anaoga mwenyewe. Nikajibu haraka: "Namsaidia." Akaniangalia. "Anashindwa, ama wewe ndiye humwachii?"

Nilikosa jibu. Shosho akacheka hadi akakohoa.

Mtego wenyewe uko hivi. Mgonjwa akitembea anahema, anaogopa, anakaa. Akikaa sana, misuli ya miguu inalegea. Misuli iliyolegea inachoka upesi na inadai hewa zaidi kwa kazi ileile. Kwa hivyo kesho atahema mapema kuliko leo. Mazoezi hayarudishi mapafu yaliyoharibika, lakini yanaipa miguu nguvu, ndiyo ile hewa kidogo aliyo nayo imfikishe mbali.

Kwa hivyo ufanye nini? Kwanza mpeleke kwa daktari, mpangiwe kiwango chake, na inhela aitumie alivyoelekezwa. Kisha anzeni kidogo: mlango hadi geti, wiki nyingine hadi kibanda cha mboga. Nyumbani ainuke kitini na kukaa tena, mara chache kila siku. Kuhema kiasi si hatari, bora aweze kuongea. Mfundishe kuvuta hewa puani, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Na jiko la makaa litoke ndani.

Kifua kikiuma, akipata kizunguzungu, midomo ikigeuka rangi ya samawati au pumzi ikikataa kurudi hata baada ya kupumzika, asimame. Hiyo ni safari ya hospitali, usingoje kesho.

Sisi tuliweka stuli kwenye kona ya ngazi. Shosho anapanda, anakaa, anapuliza, anaendelea. Mimi nakuja nyuma mikono mitupu, na si rahisi, kila saa nataka kumshika. Juzi alinunua sukuma mwenyewe, akabishana bei hadi mama mboga akasalimu amri. Nilipotaka kubeba mfuko, aliuvuta.

"Wacha. Huu ni wangu."