Skrubu ya Breki Iliyokwama

Mwenye skuta au pikipiki huitumia kwa mengi: kumpeleka mgonjwa zahanati, kumchukua mama na mtoto kwenda Misa, kupeleka mazao sokoni. Basi yampasa aijue breki yake vema, maana uhai wa hao wote umo mkononi mwake.

Katika breki ya mafuta, ukibana mkono wa breki, mafuta husukuma pedi nazo zikaikamata sahani ya gurudumu. Mafuta hayakubali kushindiliwa, lakini hewa hukubali. Kwa hiyo hewa ikiingia, mkono huwa laini, na chombo hakisimami upesi. Ndiyo sababu kwenye kile chuma kinachokamata sahani pamewekwa skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kifuniko chake cha mpira kikipotea, maji na vumbi huingia, kutu ikaishika. Kisha mtu huja na spana isiyo saizi yake, akazungusha kwa nguvu, na pembe zote zikalika.

Je, afanyeje? Kwanza, aache nguvu. Skrubu hiyo ina tundu ndani, nayo hukatika upesi. Aisafishe kwa brashi, atie matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake, aache usiku kucha. Mafuta hayo yasiguse sahani wala pedi. Zikilowa, breki haishiki. Asubuhi aigonge polepole kwa nyundo ndogo ili kutu iachie.

Halafu atwae spana ya mduara yenye pembe sita inayokaa sawasawa. Kama pembe zimekwisha kabisa, apige tupa pande mbili zinazoelekeana mpaka spana ndogo zaidi ishike barabara. Alegeze kidogo, akaze kidogo, vivyo hivyo hata iachie. Asitumie moto: mafuta ya breki huwaka, na mipira ya ndani huharibika.

Ikisha funguka, asiirudishe ile iliyolika, bali atie mpya. Ajaze mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini au ya kupikia huharibu mipira. Atoe hewa: abane mkono, afungue skrubu, aifunge, ndipo aachie mkono, arudie mpaka mapovu yaishe. Akaze kwa kiasi tu, arudishe kifuniko cha mpira, na kabla ya kuondoka abane mkono mara kadhaa mpaka uwe mgumu.

Skrubu ikikatika, kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kutoboa chuma. Hata safari iwe ya haraka namna gani, chombo hicho kisibebe mtu. Amri ya tano yatuagiza tusiue. Nayo huvunjwa pia na yule ajuaye kwamba breki yake ni mbovu, akampakia mwenzake.