SAFARI YA KUONA WANYAMA NA BAHARI PAMOJA NA WATOTO

Fungueni madaftari yenu. Wiki iliyopita tuliandika hesabu ya matumizi ya nyumbani. Leo tutaitumia hesabu hiyo kwa jambo la furaha.

Tuchukue baba na mama wanaokaa Dodoma. Wana watoto watatu. Mkubwa ana miaka 11, mdogo ana miaka 4. Katika likizo ya Juni wanataka kuwaonyesha watoto wanyama wa Mikumi na bahari ya Dar es Salaam. Wanaanzaje?

Wanaanza na fedha. Tuseme wanaweka shilingi 15,000 kila wiki kwa wiki 40. Andikeni: 15,000 mara 40 ni 600,000. Katika hizo waondoe 60,000 na kuzifunga mbali, kwa ajili ya dawa au kuchelewa njiani. Zinazobaki, 540,000, ndizo za nauli, chakula, malazi na kiingilio. Zisipotosha, wapunguze siku, wasiguse zile 60,000.

Siku za hifadhini ndizo ghali. Basi moja yatosha. Mtoto aliye chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio, na mkubwa wake hulipiwa kidogo kuliko mtu mzima. Chukueni vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, kisha ulizeni mapema namna ya kulipa. Na mwenye fedha kidogo asikate tamaa: barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi, na mara nyingi twiga na pundamilia huonekana kutoka dirishani mwa basi.

Sasa njia. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Washuke Morogoro, wapande basi hadi Mikumi, walale. Asubuhi, saa 12 na nusu, wawe langoni na gari la kukodi, maana jua likiwa kali wanyama hujificha kivulini. Wazazi wengi hudhani mtoto atapenda wanachokipenda wakubwa. Sivyo. Yule wa miaka 4 atawatazama nyani kwa nusu saa, na simba aliyelala mbali hatamshughulikia hata kidogo. Mwacheni na nyani wake, lakini asiwatupie chakula, wala asitoe mkono wala kichwa nje ya gari.

Bahari ije mwisho. Mtoto aliyekwisha kuonja mawimbi hatakubali tena kukaa kimya garini.

Dar es Salaam watavuka kwa pantoni hadi Kigamboni. Hapa nawaomba msikilize sana, hasa ninyi mliokulia bara. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kupwa hadi kujaa ni saa 6 hivi, na kila siku wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, yaani maji hupwa mbali sana, kisha hujaa sana. Maji yakipwa watoto hutembea juu ya mchanga wakiokota makombe, wakafika mbali. Yakianza kurudi huweza kupita nyuma yao kwanza, mahali palipo chini, wakabaki wamezungukwa. Kwa hiyo waulizeni wavuvi: leo maji yanajaa saa ngapi? Andikeni saa hiyo. Na wakati wote mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kuwatazama watoto majini, bila simu mkononi.

Neno la mwisho ni mbu. Morogoro na pwani zina malaria nyingi kuliko Dodoma. Chukueni vyandarua. Mtoto akishikwa na homa mkiwa safarini au wiki kadhaa baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mganga mlikokwenda.

Msimamizi wa darasa, sasa wape wanafunzi nusu saa. Kila mmoja aandike jina la mahali anapotaka kuwapeleka watoto wake, nauli ya kwenda na kurudi, na wiki atakazohitaji kuweka fedha hizo.