Maji ni Majivu, Hayawaki

Fani yangu ni isimu, wala si fizikia. Hata hivyo, kila ninapoulizwa kuhusu gari "linalotumia maji badala ya petroli", naona kwamba hila huanzia kwenye kitenzi kabla haijafika kwenye injini. Magari mengi hutumia maji, angalau kwenye rejeta. Suala ni iwapo maji hayo yanaweza kutoa kawi, au nishati kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania.

Jibu limejulikana tangu karne ya 19. Haidrojeni inapoungua katika oksijeni hutoa joto, na kinachobaki ni maji. Kwa hivyo, maji ni majivu ya haidrojeni. Anayetaka kuyawasha upya sharti kwanza ayatenganishe, na kazi hiyo hula kawi ileile atakayoipata baadaye, wala si chini yake. Kuigawanya lita moja ya maji huhitaji takriban kilowati-saa 4.4. Ukiziunguza gesi hizo pamoja, hurejeshewi zaidi ya hapo. Aghalabu hurejeshewa pungufu sana, maadamu betri, nyaya na injini, kila kimoja hutoza ushuru wake wa joto.

Huko Ohio, Marekani, Stanley Meyer alidai kwamba kigari chake kingevuka nchi hiyo kutoka Los Angeles hadi New York kwa galoni 22 tu za maji. Mtambo wake aliuita "seli", jina la kuazima. Seli halisi za kawi hupokea haidrojeni na oksijeni, zikatoa umeme na maji. Yeye alilitwaa jina akaigeuza njia. Wawekezaji wawili walimshtaki. Wataalamu walipoikagua seli hiyo, waliona utenganishaji wa kawaida wa maji kwa umeme, jambo linalofanywa katika maabara za shule. Mwaka 1996 mahakama iliamua kuwa alifanya ulaghai mkubwa, ikamwamuru awarudishie dola 25,000. Alipofariki mwaka 1998, wafuasi wake walidai ametiliwa sumu, ingawa uchunguzi ulionyesha kuwa ni mshipa wa ubongo uliopasuka.

La Pakistani linanisikitisha zaidi. Mwaka 2012, wananchi wakiteseka gizani kwa sababu ya mgao wa umeme, Agha Waqar Ahmad alijitokeza kwenye televisheni na gari lake la maji. Baadhi ya mawaziri walimuunga mkono. Hata A. Q. Khan, aliyesifika kwa bomu la nyuklia la nchi hiyo, alisema hapakuwa na udanganyifu. Mwanafizikia Pervez Hoodbhoy alipinga waziwazi, lakini sauti ya mtu anayetaja kanuni za joto haisikiki vyema penye watu wanaongojea taa ziwake.

Nasi tusijione tumesalimika. Maadamu fizikia yetu hufundishwa kwa Kiingereza na kuachwa darasani, anayemweleza mkulima habari za kawi kwa Kiswahili fasaha huenda akawa ni yule mwenye mtambo wa kuuza.

Mkulima huyo ana haki ya kudai jaribio moja, tena rahisi. Mtambo ufungiwe chumbani, uondolewe betri na waya wa stima, upewe maji pekee, kisha wati zinazotoka zihesabiwe kwa wiki nzima. Bado sijamsikia mvumbuzi wa gari la maji aliyeanza kwa kuondoa betri.