MDOMO NA SIKIO: KISA CHA ARDUINO ILIYONYAMAZA

Leo sina shairi wala ngano. Nina kisa cha waya.

Mwaka jana tulitengeneza chombo cha kupimia maji ya tangi la shule. Tulitumia Arduino Uno, ambayo ina maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Ilitakiwa kutuma kipimo kwa kompyuta kupitia kebo ya USB. Siku tatu kabla ya mashindano ya sayansi, ikanyamaza kimya! Wenzangu wakanigeukia: "Wewe ndiwe uliyeiunguza!" Ni kweli, mimi ndiye niliyeichomeka mara ya mwisho. Nyumbani bado tulidaiwa karo. Arduino ningeilipa na nini? Usiku huo hata ugali haukupita kooni.

Asubuhi mwalimu wa fizikia akaniambia, "Mwanangu, daktari hatoi dawa kabla ya kupima. Kagua kimoja kimoja."

Kwanza, kebo. Kumbe kuna kebo za kuchaji simu tu! Zina waya za umeme lakini hazina waya za data. Taa ya Arduino huwaka, nawe ukadhani mambo ni shwari. Nilipobadilisha kebo, kompyuta iliitambua papo hapo. Haikuwa imeungua!

Pili, kasi. Sasa herufi zilikuja, lakini ovyo ovyo, kama kuku aliyekanyaga wino. Arduino ilituma biti 9600 kwa sekunde, kompyuta ikasoma biti 115200. Mawasiliano haya hayana saa ya pamoja. Kila upande hujihesabia wakati. Kwa hiyo muda wa biti moja ya mtumaji, msomaji aliuhesabu kuwa biti 12. Nilipoweka 9600 pande zote mbili, skrini ikaandika: 84. Sentimita 84 za maji! Nilipiga kelele hadi maktaba ikasikia.

Tatu, pini. Pini 0 hupokea, pini 1 hutuma. Kwa kuwa kebo ya USB hutumia njia hizo hizo, usichomeke sensa hapo. Na ukiunganisha vyombo viwili kwa waya, mdomo wa huyu uelekee sikio la yule: pini ya kutuma iende kwenye ya kupokea. Kisha waya wa ardhi uwe mmoja kwa wote wawili.

Hatukushika nambari ya kwanza, lakini hakuna anayeniita mwunguzaji tena. Wenzangu, kabla ya kumlaumu mtu, kagueni kebo kwanza. Mwenda pole hajikwai.