Mdomo ukipinda upande mmoja: mazoezi ya uso yanasaidia, lakini si kwa nguvu

Mtu analala akiwa mzima. Asubuhi anaposukutua, maji yanamtoka kwenye pembe ya mdomo na kumwangukia kwenye shati. Kwenye kioo anaona jicho moja halifungiki, na mdomo umevutwa upande. Jirani anasema ni upepo wa usiku. Shemeji anasema kuna watu wamemtupia kitu. Familia inabishana, na siku mbili zinapita.

Siku hizo mbili zina bei kubwa. Kupooza huku kwa ghafla wanganga wanakuita ugonjwa wa Bell, kwa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Scotland wa karne ya 19. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ukivimba, unakosa nafasi, unabanwa, na amri za ubongo hazifiki tena kwenye misuli. Dawa ya prednisolone inapunguza uvimbe huo, lakini inapaswa kuanzishwa ndani ya saa 72, tena kwa maagizo ya munganga, kwa sababu inapandisha sukari na inaweza kupandisha tansio.

Huko Scotland, utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulifuata wagonjwa zaidi ya 500. Baada ya miezi 9, zaidi ya 94 kwa 100 kati ya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepona kabisa. Kati ya wale ambao hawakuipata, karibu 82 kwa 100. Hapo ndipo mufumu anapopatia sifa yake: wagonjwa wengi wangepona hata bila yeye.

Kwanza lakini lazima kujua kama si AVC. Mgonjwa aambiwe ainue nyusi. Kama paji la uso linakunjamana pande zote mbili na ni mdomo tu uliopinda, hasa ikiwa mkono umelegea ao maneno yanakwama, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Na hata paji likiwa limelala upande mmoja, ni munganga ndiye anayepaswa kuhakikisha.

Jambo lingine ambalo watu wanasahau ni jicho. Jicho lisilofungika linakauka, linaingia vumbi, na linaweza kupata kidonda. Mchana linahitaji matone, usiku mafuta ya jicho na kulifunga vizuri. Kuna mtu anayeweza kupona mdomo akabaki na jicho bovu.

Kisha yanakuja mazoezi, na hapa makosa ni mengi. Mgonjwa mwenye haraka anatafuna chingamu siku nzima, anapuliza mpira hadi mashavu yanauma, anakaza uso kwa nguvu zake zote. Anayefanya kazi hapo ni ule upande mzima, ambao unazidi kuvuta mdomo. Tena mshipa ulioumia sana, ukianza kukua upya, unaweza kukosea njia: mtu anacheka, jicho linajifunga, anakula, machozi yanatoka.

Kazi ya mtaalamu wa kinesiterapia, yule ambaye watu wanamwita kine, ni ya polepole. Anamketisha mgonjwa mbele ya kioo, anamsinga shavu, anamfundisha kulegeza upande mzima. Kisha miendo midogo: kutabasamu kidogo tu, kufunga jicho taratibu, kutamka p, b, m, o, u, pande zote mbili zikienda sawa. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mwendo ukianza kupinda, wanaacha na kupumzika.

Huko Uholanzi, daktari Pieter Devriese alishirikiana na Jan Bronk, mwigizaji wa michezo isiyo na maneno, kutengeneza mazoezi ya namna hiyo. Mwaka 2006 matokeo yalitangazwa juu ya wagonjwa 50 ambao uso wao ulikuwa umepooza zaidi ya miezi 9. Baada ya miezi 3 ya mazoezi, nyuso za waliofundishwa zilikuwa sawasawa zaidi kuliko za wale waliokuwa wangali wanangoja zamu. Kwa hiyo hata aliyechelewa bado ana kitu cha kufanya.

Misuli hii si ya kucheka na kula tu. Mjini São Paulo, nchini Brazil, watu waliokuwa wanakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini walifundishwa mazoezi ya ulimi, koo na mashavu kwa miezi 3. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mikatiko yao ilishuka kutoka karibu 22 kwa saa hadi karibu 14.

Kine hapatikani kila mahali, na kwa mkaaji wa kijiji cha mbali nauli ya kufika mjini kila juma ni mzigo. Lakini hata mara moja inaweza kutosha kuonyeshwa namna, kisha mgonjwa anaendelea nyumbani na kioo chake. Miezi 3 ikipita na uso haujarudi sawa, ao upande wa pili nao ukianza kulegea, arudi kwa munganga bila kungoja.