Chunusi sugu: Jihadhari kabla ya kuchanganya tembe na leza

Iwapo chunusi zako zimeshinda sabuni na krimu, huenda ukashauriwa utumie tembe pamoja na miale ya leza. Usikimbilie tiba hiyo kabla ya kujua haya.

Tembe za isotretinoini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka wa 1982, hupunguza mafuta ya ngozi. Leza nayo hutumiwa sana kulainisha makovu. Kwa miaka mingi, madaktari waliwataka wagonjwa wangoje miezi 6 hadi 12 baada ya kumaliza tembe. Mnamo 2017, wataalamu wa ngozi Marekani walieleza kwamba si kila aina ya leza huhitaji kungojewa hivyo. Hata hivyo, ile inayochubua uso mzima bado haifai ukiwa ungali unameza dawa hiyo.

Ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka baada ya leza. Tafuta daktari aliyezoea ngozi kama yako.

Kwa akina dada, tahadhari ni kubwa zaidi. Tembe hizi huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Usishike mimba unapozitumia, wala kabla ya mwezi 1 kupita tangu uziache.

Mweleze daktari kila dawa unayomeza, hata ile uliyojinunulia dukani.